Mchomo Mmoja, Mtu Mmoja: Ubadilishaji wa Sindano na Lanseti kwa Wenye Kisukari, kwa Mfano wa Murongo

Hesabu ya michomo

Mwenye kisukari anayejichoma insulini asubuhi na jioni anahitaji sindano 60 hivi kwa mwezi, na 730 kwa mwaka. Akipima sukari mara tatu kwa siku, anahitaji lanseti 90 kwa mwezi. Hesabu hiyo inatokana na maneno yaliyochapwa kwenye kila pakiti: kifaa hiki kinatumika mara moja, kisha kinatupwa. Nyumbani hesabu huwa nyingine. Sindano moja hukaa wiki nzima, lanseti moja hukaa mwezi, na wapo wanaobadilisha pale tu ncha inapokataa kuingia. Utafiti wa kimataifa wa mwaka 2014 na 2015, uliowahoji watu zaidi ya 13,000 wanaojichoma insulini katika nchi 42, ulikuta kwamba nusu hivi ya wanaotumia kalamu za insulini hurudia sindano. Jambo hili limeenea hata kwenye nchi zenye fedha. Palipo na fedha watu hurudia kwa uvivu na mazoea. Palipo na uhaba hurudia kwa sababu pakiti imekwisha na nyingine iko mbali.

Vifaa vyenyewe ni viwili. Lanseti ni kisindano kifupi cha kutobolea kidole ili itoke tone la damu la kuweka kwenye stripu ya mashine ya kupimia sukari. Wengi huiita pini ya kupimia. Huweza kushikwa kwa mkono, lakini mara nyingi hupachikwa kwenye kichomeo chenye springi, ambacho hupangwa ili kitoboe kwa kina kinachofaa. Sindano ya insulini, kwa upande wake, huja kwa namna mbili: bomba dogo la plastiki lenye sindano iliyoungana nalo, na sindano fupi ya kufunga kwenye kalamu ya insulini, kifaa cha kujichomea kinachobeba dawa ndani yake.

Si kila mwenye kisukari anahitaji vyote. Wengi wana kisukari cha aina ya pili, hutumia vidonge na kujali chakula, na hawana haja ya kujitoboa kila siku. Wenye kisukari cha aina ya kwanza, wengi wao wakiwa watoto na vijana, hawaishi bila insulini. Kwao sindano ni ya kila siku kama chakula.

Kinachotokea kwenye ncha

Sindano za insulini za siku hizi ni nyembamba sana. Unene wake hutajwa kwa namba ambayo kadiri inavyopanda ndivyo chuma kinavyokuwa chembamba: sindano ya namba 30 ina unene wa milimita 0.3 hivi, na ya namba 32 milimita 0.23. Sindano ya kalamu yenye urefu wa milimita 4 inatosha kwa karibu watu wazima wote, wanene kwa wembamba, kwa sababu ngozi ya binadamu yenyewe ina unene wa milimita 2 hivi. Insulini inatakiwa iishie kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi, isifike kwenye msuli.

Wembamba huo ndio unaopunguza maumivu, na ndio unaoifanya sindano isidumu. Ncha yake imenolewa kwa mshazari na kupakwa tabaka jembamba la silikoni ili iteleze. Mchomo wa kwanza huondoa sehemu ya silikoni hiyo. Kila mchomo unaofuata huchakaza ncha, hadi huweza kujikunja kama ndoana ndogo isiyoonekana kwa macho. Ndoana hiyo huingia kwa kusukuma, na inapotoka huchana. Anayetumia sindano hiyo huona mambo matatu: inauma zaidi, damu kidogo hutoka pale ilipochomoka, na siku ya pili pana alama ya bluu.

Kuna tatizo lingine ndani ya tundu. Insulini ya maziwa, ile inayoviringishwa mkononi mpaka ichanganyike kabla ya kutumika, ina chembechembe zinazoganda ndani ya sindano iliyokaa, na dozi inayofuata hutoka pungufu au haitoki kabisa. Anayeacha sindano imefungwa kwenye kalamu hukaribisha jambo jingine. Jua la mchana huipanua insulini, nayo huvuja. Ubaridi wa usiku huifanya isinyae, na hewa huingia. Asubuhi mtu hudhani amejichoma uniti 20, kumbe sehemu yake ilikuwa hewa.

Kutoka bomba la kioo hadi la plastiki

Insulini ilipatikana Toronto, Kanada, mwaka 1921, kwa kazi ya Frederick Banting, Charles Best, J. J. R. Macleod na James Collip. Mgonjwa wa kwanza, kijana Leonard Thompson, alichomwa Januari 1922. Kwa miongo kadhaa baada ya hapo sindano moja ilitumika kwa miezi. Bomba lilikuwa la kioo, sindano ilikuwa nene, na mgonjwa alifundishwa kuchemsha vyote viwili na kunoa sindano kwa jiwe ilipoisha makali. Mabomba ya plastiki ya kutumia mara moja yalikuja baadaye na kuenea katika nusu ya pili ya karne ya 20. Kalamu ya kwanza ya insulini iliingia sokoni mwaka 1985.

Historia hii inaeleza kwa nini wazee bado hushauri kuchemsha sindano. Ushauri huo ulifaa kwa kioo na chuma kinene. Bomba la plastiki likichemshwa hulegea, mistari ya kupimia uniti huweza kufutika, na silikoni kwenye ncha huisha. Kupitisha sindano kwenye moto wa kibiriti ni kubaya zaidi, kwa kuwa ncha huharibika na masizi huingia mwilini. Hata kuifuta kwa spiriti huondoa ule utelezi. Kifaa cha leo hakikutengenezwa ili kisafishwe.

Vinundu chini ya ngozi

Dhara la kurudia sindano ambalo hutokea mara nyingi na kutajwa mara chache ni vinundu vya mafuta. Insulini huchochea mafuta kukua, na ngozi inayochomwa mahali pamoja kila siku kwa ncha butu hujeruhiwa pale pale kabla haijapona. Baada ya miezi pahali hapo huvimba, pakawa laini kama mpira au pagumu kama gololi. Panapochomwa tena hapaumi sana. Kwa hiyo mgonjwa, hasa mtoto, hupapenda, na kinundu huzidi kukua.

Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa Hispania uliowapima watu 430 wanaojichoma insulini. Vinundu vilikutwa kwa asilimia 64 yao. Waliobadilisha mahali pa kuchoma kwa mpangilio sahihi walikuwa navyo kwa nadra, na waliotumia sindano moja zaidi ya mara tano walikuwa navyo zaidi. Asilimia 39 ya wenye vinundu walikuwa wakishukiwa na sukari ghafla bila sababu ya kueleweka. Miongoni mwa wasio na vinundu, walikuwa asilimia 6.

Sababu ya tofauti hiyo ni rahisi. Insulini iliyowekwa ndani ya kinundu hufyonzwa polepole na bila utaratibu: leo robo yake, kesho yote kwa mkupuo. Sukari ikipanda, mhudumu huongeza dozi. Siku mgonjwa akihamia kwenye ngozi nzima, dozi ile kubwa huingia yote, na sukari hushuka mpaka mtu anatoka jasho, anatetemeka, anapoteza fahamu. Ndugu hudhani amekosea kipimo, kumbe kosa lilianza miezi mingi nyuma, kwa sindano iliyokaa mno na mahali pasipobadilishwa.

Vinundu hutambuliwa kwa mkono. Mgonjwa hukaa, tumbo na mapaja yakiwa wazi, kisha mhudumu hupitisha vidole polepole kama anayetafuta jiwe kwenye mchele. Palipo na kinundu hapachomwi kwa miezi kadhaa. Tumbo hugawanywa sehemu nne na kila paja sehemu mbili. Kila wiki hutumika sehemu moja, na kila mchomo hukaa upana wa kidole mbali na ule wa jana. Kuhama mahali hakugharimu kitu, na kunalinda ngozi hata pale ambapo sindano mpya hazitoshi.

Lanseti na kidole

Lanseti ina kazi nyepesi kuliko sindano. Haipitishi dawa wala haifiki kwenye mafuta. Hutoboa ngozi ya kidole na kutoka. Ndiyo maana watu wengi huirudia mara nyingi kuliko sindano, hata katika nchi tajiri. Hata hivyo kuchakaa ni kule kule. Ncha butu hulazimisha kichomeo kiongezwe kina, kidole huuma, ngozi hukomaa, na mwisho mtu huacha kupima. Hilo ndilo dhara kubwa la lanseti iliyozeeka kwa mwenyewe: humfanya mtu aogope kipimo, na asiyepima hujichoma insulini kwa kubahatisha.

Maumivu hupungua kwa kutoboa ubavu wa kidole badala ya katikati ya ncha, penye mishipa mingi ya fahamu, na kwa kupokezana vidole. Mikono ikioshwa kwa maji ya uvuguvugu na mkono ukaning'inizwa kidogo, damu hushuka na tone hutoka bila kuminywa sana.

Kuosha mikono kuna sababu nyingine, nzito zaidi katika nchi ya ndizi kama Murongo, mkoani Kagera, Tanzania. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2011 kwamba mtu aliyemenya tunda kisha akapima bila kunawa hupata namba ya juu kuliko sukari iliyomo kwenye damu yake. Sukari ya tunda iliyobaki kwenye ngozi huingia kwenye tone. Kufuta kidole kwa spiriti hakukuondoa kosa hilo, kunawa kuliliondoa. Mama wa Murongo aliyetoka kumenya ndizi mbivu, au kijana aliyekuwa akila muwa, anaweza kuona kwenye mashine namba ya kutisha na kuongeza insulini isiyohitajika. Maji, sabuni na kitambaa kikavu huja kabla ya lanseti. Spiriti si lazima nyumbani.

Mpaka usiovukwa

Yote yaliyotangulia yanahusu mtu anayerudia kifaa chake mwenyewe. Kifaa kinachopita kutoka mtu mmoja kwenda kwa mwingine ni jambo la aina nyingine kabisa, na haifai kulipima kwa mizani ile ile. Katika kurudia, swali ni mara ngapi. Katika kushirikiana, jibu ni kamwe.

Kagera ina sababu zake za kulijua hilo. Wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi kutambuliwa Tanzania walitambuliwa katika mkoa huu mwaka 1983, wakati ambapo watu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo za biashara za mpakani. Kizazi kizima kilifundishwa kwa misiba kwamba wembe na sindano haviazimwi. Lakini mashine ya sukari imeingia majumbani kwa sura ya upole, na hatari yake haionekani kwa macho kama ile ya wembe.

Jirani huja jioni, huona mashine mezani, husema: "Hebu nipime na mimi, nione nikoje." Mwenye mashine hutoa stripu mpya, kwa kuwa anajua stripu haitumiki mara mbili. Kichomeo hubaki kile kile, na pengine lanseti ni ile ile ya asubuhi. Wote wawili wanaona wametendeana wema. Kilichofanyika ni damu ya mmoja kuwekwa kwenye ngozi iliyotobolewa ya mwingine.

Kirusi cha homa ya ini B ndicho cha kuogopwa zaidi hapa, kwa sababu huweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi na huambukiza kwa kiasi cha damu kisichoonekana. Mwaka 1990 taasisi ya Marekani ya udhibiti wa magonjwa iliripoti maambukizi ya homa ya ini B katika hospitali moja ya California yaliyotokana na kichomeo cha springi kilichotumika kwa wagonjwa wengi. Damu ilibaki kwenye sehemu ya kichomeo inayogusa kidole, kwa hiyo kubadilisha lanseti peke yake hakukutosha. Mwaka 2010, katika nyumba ya kutunzia wazee huko North Carolina, watu 8 waliambukizwa homa ya ini B kwa vifaa vya kupimia sukari vilivyoshirikiwa. 6 kati yao walifariki. Mwaka 2011 Marekani ilipendekeza chanjo ya homa ya ini B kwa watu wazima wenye kisukari walio chini ya miaka 60, kwa sababu ya matukio ya namna hiyo.

Kalamu ya insulini nayo ni ya mtu mmoja, hata sindano ikibadilishwa. Sindano inapochomolewa, chembe za damu huweza kurudi nyuma hadi kwenye insulini iliyobaki. Mwaka 2009 hospitali moja ya jeshi huko Texas ililazimika kuwaita wagonjwa zaidi ya 2,000 wakapimwe, baada ya kugundulika kwamba kalamu zilitumika kwa mtu zaidi ya mmoja. Duniani kwa jumla, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba sindano zisizo salama za kila aina ziliwaambukiza watu hadi milioni 1.7 homa ya ini B na hadi 33,800 virusi vya Ukimwi katika mwaka 2010 pekee.

Kanuni inayotoka hapo haina tofauti kwa mume na mke, mama na mtoto, wala ndugu wawili wenye kisukari katika nyumba moja. Kila mtu ana sindano zake, lanseti zake, kichomeo chake na kalamu yake, na kila kimoja kina alama ya uzi wa rangi au jina. Mashine yenyewe ikilazimika kutumiwa na wawili, hufutwa kwa dawa ya kuua vijidudu kila baada ya mtu mmoja. Jirani anayetaka kupimwa huelekezwa zahanati. Kwenye upimaji wa hadhara, kama ule unaofanyika kila Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani, lanseti inayofaa ni ile inayojirudisha ndani yenyewe baada ya mchomo mmoja na haiwezi kutoboa tena.

Umbali wa Murongo

Murongo ni kata ya Wilaya ya Kyerwa, kwenye ukingo wa Mto Kagera. Ng'ambo ya daraja ni Kikagati, Uganda. Kyerwa ilikuwa sehemu ya Karagwe hadi mwaka 2012, na njia ya huduma bado inafuata barabara ile ile ya zamani. Barabara ya kutoka Omugakorongo, upande wa Karagwe, hadi Murongo kupitia Kigarama ina urefu wa zaidi ya kilomita 100. Anayehitaji daktari bingwa huendelea hadi Bukoba, au huvuka Ziwa Viktoria kwenda Mwanza.

Katika mazingira hayo, idadi ya sindano ambazo mtu hutumia huamuliwa na nauli kabla ya kuamuliwa na mwongozo. Pakiti ya sindano 10 ni nyepesi mfukoni, lakini safari ya kuifuata hugharimu siku ya kazi. Mgonjwa anayepata sindano 10 kwa mwezi, naye anajichoma mara mbili kwa siku, anatumia kila moja mara 6. Hajazembea; amegawanya 60 kwa 10. Namba hiyo imevuka ile ya mara tano iliyohusishwa na vinundu huko Hispania. Sindano 20 zingempa mara 3 kila moja, na sindano 30 zingempa siku nzima kwa sindano moja. Kila pakiti inayoongezwa inapunguza majeraha hata kama lengo la 60 halijafikiwa.

Mpaka nao una mambo yake. Biashara ya Murongo na Kikagati huvusha kahawa, ndizi, maharage na bidhaa za viwandani, na dawa pia hununuliwa upande ambao zimepatikana siku hiyo. Lanseti za kampuni moja huweza zisiingie kwenye kichomeo cha kampuni nyingine, na stripu hazibadilishani kabisa baina ya mashine. Bomba la insulini lazima lilingane na nguvu ya dawa: chupa ya uniti 100 kwa mililita hutumiwa na bomba lililoandikwa U-100. Bomba la U-40, ambalo bado linatumika katika baadhi ya nchi, likitumika kwa chupa hiyo humpa mtu dozi mara mbili na nusu ya ile aliyokusudia. Kusoma maandishi ya bomba kabla ya kulipia kunaokoa maisha.

Fedha katika nyumba nyingi za Kyerwa huja kwa msimu wa kahawa, unaoanza katikati ya mwaka. Sindano na lanseti haziozi na hazihitaji jokofu. Zikikaa kavu ndani ya pakiti isiyopasuka hudumu hadi tarehe ya mwisho iliyoandikwa, kwa kawaida miaka kadhaa. Insulini haivumilii hivyo, kwani iliyofunguliwa huisha muda wake baada ya wiki 4 hivi. Kwa sababu hiyo boksi la sindano 100 linaweza kununuliwa mara moja wakati wa mavuno, ilhali insulini inanunuliwa kidogo kidogo.

Pale inapolazimu kurudia

Miongozo ya kitaalamu, ikiwemo mapendekezo ya kimataifa ya mwaka 2016 kuhusu namna ya kujichoma insulini, inashauri sindano mpya kwa kila mchomo. Chama cha Kisukari cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2004, kilikubali kwamba wagonjwa wengi wanaweza kurudia sindano zao wenyewe bila madhara makubwa, wakizingatia usafi. Kauli hizi mbili hazipingani. Ya kwanza inaeleza kilicho bora, ya pili inakiri kwamba maambukizi kwenye ngozi ya anayerudia sindano yake mwenyewe si ya mara kwa mara. Anayenyimwa ukweli huu wa pili hukaa kimya kliniki, husema anabadilisha kila mara, na hakuna anayemfundisha namna ya kurudia kwa usalama.

Jambo moja lazima litangulie mengine: insulini haiachwi kwa sababu sindano mpya imekosekana. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akikosa insulini, damu yake hujaa asidi, naye huweza kufa katika siku chache. Sindano yake mwenyewe iliyotumika jana ni bora mara elfu kuliko dozi iliyorukwa.

Baada ya hapo mpangilio ni huu. Penye uwezo, sindano mpya kila mchomo na lanseti mpya kila kipimo. Penye upungufu, sindano moja kwa siku moja, na lanseti moja kwa siku moja. Kufungamanisha kifaa na siku kunasaidia kukumbuka, kwa kuwa kinachotumika asubuhi hutupwa usiku. Penye uhaba mkubwa, sindano isizidi michomo mitano. Inatupwa mapema zaidi ikiuma, ikipinda, ikianguka, au ikigusa kitu chochote kisichokuwa ngozi safi au mpira wa chupa ya dawa. Anayerudia huosha mikono, hufunika ncha mara moja kwa kifuniko chake, haifuti kwa spiriti, haichemshi, na huihifadhi pakavu, mbali na watoto. Sindano ya kalamu haiachwi imefungwa kwenye kalamu.

Wapo wasiofaa kurudia hata kidogo: mwenye kidonda au maambukizi ya ngozi, mwenye kinga dhaifu, asiyeona vizuri kiasi cha kuigusisha ncha pembeni, na anayetetemeka mikono. Sindano mpya zikiwa chache nyumbani, watu hawa hupewa kwanza.

Mwisho wa sindano

Katika nyumba za Kagera, maganda na mabaki ya jikoni hupelekwa kwenye kibanja kurutubisha migomba. Ndiyo desturi iliyoulisha udongo huo kwa vizazi. Sindano iliyotupwa pamoja na maganda hufuata njia ile ile, na hukutana na mkono wa mwanamke anayepalilia au unyayo wa mtoto anayekimbia. Kuitupa chooni kunahamishia hatari kwa atakayelifukua shimo siku likijaa.

Chombo kinachofaa ni dumu gumu lenye kifuniko cha kuzungusha, kama la mafuta ya kupikia au la sabuni ya maji. Chupa laini ya maji ya kunywa hutoboka. Sindano huingia dumuni mara tu baada ya matumizi ya mwisho, ncha ikitangulia. Mtu anayemchoma mwingine, kama mzazi anavyomchoma mwanawe, harudishi kifuniko kwa kushika kwa mikono miwili. Ajali nyingi hutokea hapo. Dumu likifika robo tatu hufungwa, huandikwa kwamba lina sindano, na hupelekwa zahanati au kituo cha afya, ambako sindano za chanjo nazo hukusanywa kwenye visanduku maalumu na kuteketezwa.

Sindano iandikwe pamoja na dawa

Insulini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977. Sindano ya kuiingizia mwilini huhesabiwa kama kifaa, na vifaa huagizwa kwa utaratibu wao. Hapo ndipo mgonjwa huondoka na chupa mkononi bila sindano za kuimaliza. Agosti 2022, mjini Lomé, nchi za Kanda ya Afrika za shirika hilo zilipitisha mkakati unaoitwa PEN-Plus, wa kushusha matibabu ya magonjwa sugu makali, kisukari cha aina ya kwanza kikiwemo, hadi hospitali za wilaya. Kwa mkazi wa mpakani manufaa ya mkakati wa namna hiyo yatapimika kwa kitu kidogo: kama sindano zilizotoka dirishani zinalingana na dawa iliyotoka.

Hesabu yake inaweza kuandikwa kwenye kadi ya kliniki. Chupa ya mililita 10 ina uniti 1,000. Mgonjwa wa uniti 40 kwa siku, zilizogawanywa asubuhi na jioni, huimaliza kwa siku 25, kwa michomo 50. Chupa moja, sindano 50. Mhudumu anayeandika dozi na kuandika namba hiyo kando yake, kisha akauliza kila mgonjwa anarudia sindano mara ngapi na kumpapasa tumbo kutafuta vinundu, hupata takwimu za kweli za kituo chake. Kwa takwimu hizo mfamasia wa wilaya huagiza Bohari ya Dawa idadi inayolingana na watu waliopo, na familia inayosubiri kahawa iive hujua tangu mwanzo wa mwaka ni maboksi mangapi ya kuwekea fedha.